Turbo na kopo la kunasa oili: maswali tunayoulizwa sana Lubumbashi

Lubumbashi yote sasa ina turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hilux za kampuni za migodi, Prado za mazuti (dizeli), Forester na Harrier za okazi (mitumba) kutoka Japani, Mercedes zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zikiwa bado na vumbi la Zambia. Wenye magari hayo wameona video za vijana wa Australia na Marekani wakimwaga oili nyeusi kutoka kwenye kopo dogo la aluminiamu, linalonasa oili kabla haijaingia kwenye njia ya hewa ya injini, na sasa wanataka kujua kama na wao walinunue. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki, na majibu yetu.

Kwa kifupi: gari langu la turbo linahitaji kopo hilo?

Magari mengi, hapana. Injini iliyo nzima, inayofanyiwa vidanje (kubadilishiwa oili) kwa wakati na yenye mfumo wake wa kupumua usioziba, itaishi maisha yake bila kopo. Kuna aina mbili za injini ambazo kopo zuri linaweza kuzisaidia: ya esansi (petroli) yenye turbo inayonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na ya mazuti yenye turbo na EGR, mfumo wa kurudisha moshi tutakaoueleza mbele. Hata kwa hizo, tunasema *kopo zuri*. Kopo baya ni hasara kuliko kutokuwa nalo kabisa.

Oili inafikaje kwenye njia ya hewa? Si inakaa chini, kwenye karta, lile bakuli la oili chini ya injini?

Inakaa chini, lakini haitulii. Mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka kwenye karta. Hilo hutokea hata kwenye injini iliyotoka kiwandani jana. Huko chini gesi hukutana na oili ya moto inayorushwa na kranki, hubeba ukungu wake, mvuke wa maji na mabaki ya mafuta, kisha hutafuta pa kutokea. Isipopata njia, presha hupanda na kusukuma oili kwenye sili.

Zamani njia ilikuwa bomba lililoelekezwa chini barabarani. Moshi ulitoka, harufu ikabaki kwa wanaotembea kwa miguu. Mwaka 1961 jimbo la California, likipambana na moshi wa Los Angeles, liliamuru gesi hiyo irudishwe kwenye injini ichomwe, na huo ndio mfumo wa PCV ambao leo uko karibu kwenye kila gari la esansi.

Kwenye injini isiyo na turbo kazi ni rahisi: bomba la kuingizia hewa lina mvuto, nao huinyonya gesi kupitia vali ya PCV. Turbo inabadilisha mambo. Ukikanyaga, bomba lile lile lililokuwa linavuta sasa lina presha, kwa hiyo vali ya PCV hujifunga ili presha hiyo isirudi kwenye karta. Wakati huo huo gesi zinazopenya kwenye ringi zimeongezeka, maana ndani ya silinda kuna msukumo mkubwa zaidi. Zinapita wapi? Kwenye mpira wa pili unaoishia mbele ya turbo, baada ya chujio la hewa. Kutoka hapo ukungu wa oili unapita kwenye feni ya turbo, unaingia intakula (kipoza hewa), unafika kwenye vali.

Hapa kwetu tuko juu, karibu mita 1,200, na presha ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Turbo inajituma kidogo zaidi kutoa nguvu ile ile. Si sababu ya kununua kopo, ila shofere anayepandisha mzigo kuelekea Likasi akishangaa kwa nini gari lake linapumua oili kuliko la shemeji yake wa Dar es Salaam, ajue hilo nalo lipo.

Gari langu ni la esansi. Nitajuaje kama jambo hili linanihusu?

Uliza swali moja: mafuta yananyunyiziwa wapi?

Yakinyunyiziwa nje ya silinda, nyuma ya vali ya kuingizia hewa, kila mnyunyizo unaiosha vali. Ukungu wa oili ukitua pale, esansi inausafisha. Subaru za zamani zenye injini ya EJ20 au EJ25 ziko kundi hili. Kopo kwao ni la hiari, na kwa gari la kwenda kazini na sokoni tunasema weka pesa yako kwenye matairi.

Yakinyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali haioshwi na chochote. Oili inatua juu ya chuma chenye moto, inaungua, inabaki ukoko mweusi, na ukoko unanenepa mwaka hadi mwaka. Gari linaanza kutetemeka likiwa baridi asubuhi, linakosa pumzi. Forester XT za kuanzia 2014 zenye FA20 ya turbo ziko hapa, na BMW zenye injini ya N20 au N54, na Mercedes za CGI.

Kuna na kundi la tatu ambalo watu hulisahau: injini zenye minyunyizo yote miwili. Harrier ya turbo iliyotoka Japani 2017, yenye injini ya 8AR-FTS, ni mojawapo. Toyota walijua tatizo wakaliwekea dawa kiwandani. Mwenye Harrier hiyo akija kutaka kopo tunamrudisha nyumbani na pesa zake.

Na Hilux au Prado ya mazuti?

Mazuti yote ya kisasa hunyunyiziwa ndani ya silinda, kwa hiyo hata hapa vali haioshwi. Lakini adui mkubwa hapa ni EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa ili kupunguza gesi chafu. Moshi huo una masizi makavu. Masizi peke yake mengi yangepita. Oili peke yake nayo ingepita. Vikikutana vinakuwa lami nzito inayoganda ndani ya bomba la kuingizia hewa. Tumeshafungua bomba la Prado ambalo tundu lake, lililopaswa kupitisha yai, lilikuwa limebaki la kupitisha kidole gumba.

Kopo linaondoa nusu moja ya mchanganyiko huo, yaani oili. Masizi yatabaki lakini yatakuwa makavu zaidi, yenye kushika kidogo. Kwa Hilux ya 2.4 au 2.8 inayofanya Lubumbashi–Kolwezi kila wiki, na ambayo mwenyewe anataka kuitunza miaka mingi, hapo kopo linaanza kuwa na maana. Kwa ile utakayoiuza mwakani, hapana.

Land Cruiser yangu ni ya 1HZ.

Haina turbo. Usinunue.

Nimevua mpira wa intakula nikakuta oili ndani. Turbo imekufa?

Usilie bado. Futa ndani ya mpira kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na utando mwembamba wa oili, kama uliopakwa kwa kidole, hiyo ni kawaida ya injini ya turbo, na ndiyo ule ukungu tuliouelezea. Oili ikiwa imetuama, ukiinamisha mpira ikamwagika, kuna kasoro.

Lakini kasoro si lazima iwe turbo, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Oili ya turbo hurudi kwenye karta kwa uzito wake tu. Kwenye injini nyingi hakuna pampu inayoivuta. Karta ikiwa na presha kwa sababu njia ya kupumulia imeziba, oili inakosa pa kushukia, inapanda, inapita kwenye sili za turbo na kumwagikia njia ya hewa. Mekanisia mwenye haraka anaona oili, anasema turbo, unanunua nyingine ya okazi, na baada ya mwezi mmoja nayo inavuja. Kabla ya kugusa turbo, kagua vali ya PCV, mpira wa kupumulia, bomba la kurudishia oili, na kiwango cha oili kwenye kijiti. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu inaweza kuleta picha ile ile.

Papa, mekanisia wangu amesema nifunge kopo kwa sababu gari linakula oili. Ni kweli?

Kopo halizuii gari kula oili. Linaikusanya tu mahali unapoweza kuiona. Kama injini inahitaji kuongezewa kati ya vidanje na vidanje, kwanza tafuta kwa nini.

Jaribio rahisi: injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kwenye gari la esansi lenye PCV nzima utahisi mvuto mdogo, na baadhi ya injini zitayumba kwa sababu hewa isiyopimwa imeingia. Hilo si ugonjwa. Kwenye gari la mazuti kupumua kidogo ni kawaida. Kifuniko kikiruka-ruka na moshi ukatoka kwa mapigo kama treni, ringi zimechoka au pistoni imeumia. Hapo dai kipimo cha kompresheni, na ukipata mwenye kifaa, kipimo cha kupoteza presha silinda kwa silinda. Ukifunga kopo kwenye injini ya namna hiyo, litajaa haraka, litaficha dalili, na siku lisipomwagwa litarudisha oili yote kwa mkupuo mmoja. Injini ya mazuti ikimeza oili nyingi namna hiyo inaweza kuichoma kama mafuta yake, ikapanda mizunguko yenyewe na kukataa kuzimika hata ukitoa ufunguo.

Sisi tuna vumbi. Hilo halibadilishi jambo?

Linabadilisha sana, na ni swali tunalotamani wengi zaidi waulize.

Kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, barabara za udongo mwekundu zinatoa unga laini unaoingia kila pahali. Ukipita kwenye chujio la hewa, unga huo unasaga ringi na kuta za silinda. Ringi zikisagika, gesi zaidi zinashuka kwenye karta, oili zaidi inapanda kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo mtu anayetumia chujio la bei ya chini, lisilokaa sawasawa kwenye kisanduku chake, huku ananunua kopo la oili, anafunga mlango wa nyuma na kuacha wa mbele wazi. Anza na chujio la asili. Kagua mpira wote kati ya chujio na turbo, hasa klipu: pitisha kidole ndani ya mpira upande wa turbo. Ukikuta vumbi pale, vumbi limeshaingia kwenye injini. Usimwachie mfanyakazi wa kuosha magari apulizie chujio la karatasi kwa kompresa. Upepo ule mkali unatoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona.

Kopo la wazi au lililofungwa?

Lililofungwa. La wazi lina kichujio kidogo juu na linatoa gesi nje. Hilo ni la magari ya mashindano. Kwenye mashindano kopo lina kazi nyingine kabisa: kuzuia oili isimwagike barabarani mbele ya wenzako. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinadai liwe na ujazo wa lita 2 kwa injini zisizozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa zinazozidi hapo.

Kwenye gari la kila siku la wazi lina kasoro tatu. Harufu inaingia ndani kupitia matundu ya hewa, na watoto nyuma wanaanza kulalamika kabla hamjafika Kipushi. Usipoziba upande wa PCV, injini inavuta hewa ambayo kompyuta haikuipima. Na hapa kwetu kubwa zaidi: karta ikivuta, inavuta vumbi la barabarani kupitia kale kachujio kadogo, moja kwa moja kwenye oili.

Kopo zuri linajulikanaje?

Lifungue. Kama ndani ni tupu, tundu la kuingilia linatazamana na la kutokea, hilo ni pambo. Ukungu unaingia na kutoka bila kugusa chochote. Ya dola 20 au 30 kwenye mtandao mengi yako hivyo, hata yakiwa na rangi nzuri ya buluu.

Zuri lina kuta ndani zinazolazimisha gesi kugeuka, na chujio la nyuzi au wavu wa chuma unaounganisha vitone vidogo kuwa vikubwa ili vidondoke. Kwa injini za mazuti tunapendelea yenye vali ya usalama, kama ProVent ya Mann+Hummel wa Ujerumani: chujio likiziba, vali inafunguka na karta haishiki presha. Liwe na kijiti au dirisha la kuonyesha kiwango, na bomba la kumwagia chini. Usipoweza kulimwaga bila kulivua, hutalimwaga.

Naweza kulitengeneza mwenyewe?

Tuliletewa pick-up yenye chupa ya maji ya plastiki imefungwa kwa waya kwenye ukuta wa injini, ndani imeshindiliwa sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Chupa ilikuwa imelainika kwa joto na kubonyea upande mmoja. Ncha za feni ya turbo zilikuwa zimeng'oka vipande, na kwenye mpira wa kuingilia tulizikuta nyuzi za ile sufi, moja moja, zimelala kwenye oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitu chochote kitakachokatika kati ya kopo na turbo kitaingia humo.

Fundi mzuri wa kulehemu aluminiamu anaweza kutengeneza mwili wa kopo. Chujio la ndani nunua lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Lifungwe wapi, na kwa mpira gani?

Mbali na turbo na ekzosi. Oili ikidondokea chuma chekundu ni moto wa kweli, na wengi wetu hatuna kizima moto garini. Pahali penye ubaridi ni pazuri zaidi, maana mvuke unaganda kuwa kimiminika ukipoa.

Mpira uwe wa kuhimili oili na wenye tundu lisilopungua la asili. Mpira wa maji ya radiateta utavimba na kulainika, kisha utajikunja wakati injini inavuta. Usiuache ubembee chini kama tumbo, kwa sababu oili itatuama pale na kuziba. Kwenye injini ya esansi ya turbo angalia njia zote mbili, ya PCV na ya mbele ya turbo. Ukifunga kopo kwenye moja bila kujua unatibu ipi, umepiga ramli. Na fremu ya kushikilia iwe ya chuma kinene. Kwa mashimo yetu, fremu nyembamba haifiki Krismasi.

Kinachotoka humo ni nini? Nikirudishe kwenye injini?

Hapana. Ni mchanganyiko wa oili, maji na mafuta yasiyoungua, wenye harufu kali ya siki. Juni na Julai, asubuhi zetu zikiwa za kuvaa koti, utakuta uji wa rangi ya kahawa yenye maziwa. Usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiendesha safari fupi, nyumbani mpaka shule mpaka ofisini, injini haipati moto wa kutosha kukausha maji. Ila kama rangi hiyo iko pia kwenye kijiti cha oili, na maji ya radiateta yanapungua, hapo ndipo wasiwasi unaanza.

Video za Kanada zinatisha watu kwamba kopo litaganda barafu na kuziba. Hapa huna haja ya hofu hiyo.

Kagua kila kilomita 1,000 mwanzoni mpaka ujue tabia ya injini yako, kisha limwage kila vidanje. Vijiko vichache ni kawaida. Likijaa kabla ya vidanje, rudi kwenye swali la gari linalokula oili. Usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia kwenye mto Lubumbashi. Weka kwenye bidoni la oili chafu.

Oili ninayotumia ina uhusiano na hili?

Mkubwa kuliko wanavyodhani. Kuna kipimo kinaitwa NOACK: oili huwekwa kwenye joto la nyuzi 250 kwa saa moja, kisha wanapima imepungua kiasi gani kwa kugeuka mvuke. Kiwango cha oili cha Marekani na Japani kiitwacho ILSAC GF-6 kinaruhusu hadi asilimia 15, na cha Ulaya kiitwacho ACEA C3 hadi 13. Oili nyingine nzuri hupoteza chini ya 10. Kinachogeuka mvuke ndicho kinachokuja kutua kwenye vali zako, kwa hiyo oili isiyopotea sana inafanya sehemu ya kazi ya kopo bila kufunga kitu. Tafuta namba hiyo kwenye karatasi ya kiufundi ya mtengenezaji kabla hujanunua.

Kwa turbo ya esansi yenye mnyunyizo wa moja kwa moja, chagua yenye alama ya API SP, iliyoanza 2020. Ilitengenezwa, pamoja na mengine, kupunguza mlipuko wa mapema kwenye mizunguko ya chini, unaoweza kuvunja pistoni. Na nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Bidoni lenye nembo nzuri na kifuniko kilichokwisha kufunguliwa liache hapo hapo.

Linaongeza nguvu?

Hapana.

Gari ni jipya, la kampuni, bado lina waranti.

Usiguse kabla ya kuuliza kwa maandishi. Injini ikipata shida, muuzaji ataona mfumo wa kupumua umebadilishwa na atakuwa na sababu ya kukukatalia, hata kama kopo halihusiki. Subiri waranti iishe. Ukoko haujengeki kwa mwaka mmoja.

Vali zangu tayari zina ukoko. Kopo litausafisha?

Halitausafisha. Litapunguza kasi ya ukoko mpya, wa zamani utabaki pale pale. Dawa za kumwaga kwenye tangi hazisaidii injini ya mnyunyizo wa moja kwa moja, maana mafuta hayapiti kwenye vali. Njia inayofanya kazi ni kuvua bomba la kuingizia hewa, kufunga vali za silinda husika, na kupiga unga wa maganda ya walnati kwa upepo wa kompresa. Unga huo unang'oa kaboni bila kukwaruza chuma. Usipopatikana, fundi mvumilivu hutumia dawa ya kulainisha, brashi na kifyonza vumbi, silinda baada ya silinda, na ni kazi ya siku nzima. Usikubali mtu akwangue kwa bisibisi vali ikiwa wazi. Ukishasafisha, siku hiyo hiyo bomba likiwa limevuliwa, ndiyo nafasi nzuri ya kubadilisha vali ya PCV na mipira yake, na kufunga kopo kama bado unalitaka.